Leva inagoma mchana tu

Kwa wiki tatu gari letu lilikuwa na tabia moja. Asubuhi linaingia gia bila shida, ikifika mchana leva ya gia inakwama kwenye P, yaani gia ya kuegesha. Unakanyaga breki, unabonyeza kitufe, unavuta, haisogei hata kidogo.

Ni Hiace ya otomatiki ambayo nyuma tuliigeuza nyumba: kitanda, sinki lenye pampu, jiko la gesi na feni ya paani. Mimi na mume wangu tunazunguka nayo minadani, Magu, Sengerema, mpaka Geita, tunauza vitenge na kulala humo humo. Likigoma, biashara na nyumba vyote vimesimama.

Siku iliyonitoa machozi tulikuwa ndani ya kivuko cha Kamanga tukirudi Mwanza mjini. Jua kali, tumekaa nyuma tunapunga upepo wa feni. Kivuko kikafunga gati, magari ya mbele yakatoka, letu likagoma. Nyuma yetu honi, watu wa kivuko wanapiga mabati kwa viganja. Akashuka kaka mmoja wa Fuso, akauliza kwanza, "Dada, hendibreki umevuta? Mguu uko kwenye breki?" Nikamwambia ndiyo. Pembeni ya leva kulikuwa na kifuniko kidogo cha plastiki, hakizidi ukucha wa kidole gumba. Akakibandua kwa ncha ya ufunguo, akaingiza bisibisi nyembamba kwenye tundu, akakandamiza, leva ikashuka. Mungu ambariki popote alipo. Miaka minne ninaendesha lile gari na sikuwahi kujua kifuniko kile ni cha nini.

Fundi wa kwanza alisema giaboksi inapata joto ndiyo maana inagoma mchana. Tukamwaga oili, tukaweka mpya. Wa pili akabadilisha swichi ya breki. Hilo liliniuma zaidi, kwa sababu taa za breki zilikuwa zinawaka vizuri siku zote, na swichi inayowasha taa hizo ndiyo hiyo hiyo inayofungua leva. Ukikanyaga pedali, umeme unakwenda kwenye taa za nyuma na pia kwenye solenoidi ndogo iliyo chini ya leva, yaani koili inayogeuka sumaku ikipata umeme. Solenoidi inavuta pini, leva inaachiwa. Kufuli hilo limewekwa ili gari lisitolewe kwenye P bila mguu kuwa kwenye breki. Kama taa zinawaka, swichi ya kazi gani kuibadilisha? Lakini nililipa, kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Jumamosi nikampelekea Baba, Kirumba. Baba alikuwa fundi umeme kwenye meli za ziwani mpaka anastaafu. Hakugusa gari. Alikaa kwenye kigoda, akaniuliza, "Mama, mchana mnafanya nini humo ndani ambacho asubuhi hamfanyi?" Ananiita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake.

Nikafikiri. Tunapika asubuhi na jioni. Taa tunawasha usiku. Mchana... mchana tunawasha feni.

Akainuka.

Tukafungua plastiki za leva. Mafundi wote wawili walikuwa wamepima pale na kupata volti 12.4, wakasema umeme upo. Baba akaniuliza waya mweusi wa mita waliushikiza wapi. Nikamwonyesha boliti ya kiti. Akatikisa kichwa. "Wamepima umeme unaokwenda. Unaorudi je?"

Akaacha soketi ya solenoidi ikiwa imechomekwa, akapenyeza ncha za mita kwa nyuma yake, moja kwenye waya wa moto na nyingine kwenye waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri kupitia bodi ya gari. Mimi nikakanyaga breki. Feni ikiwa imezimwa, volti 10.9, na leva ikaachia. Akamwambia mume wangu awashe feni. Namba ikaporomoka mbele ya macho yangu: 8.0. Nikavuta leva, imekwama. Feni ikazimwa, ikaachia. Tulirudia mara tano, nami kila mara moyo unanidunda kama nasubiri majibu ya mtihani.

Kisha akaweka ncha moja kwenye ethi ya solenoidi na nyingine kwenye hasi ya betri. Panapaswa kusoma karibu na sifuri. Feni ikiwaka ilisoma zaidi ya volti 4. Umeme ulikuwa unapotelea njiani, wakati wa kurudi.

Tukaifuata ile waya hadi chini ya zulia, karibu na sinki. Zulia lilikuwa limelowa. Boliti moja ya ethi, spana namba 10, ilikuwa imebeba waya wa leva wa kiwandani pamoja na waya zote za nyumba: feni, pampu, taa. Aliyetutengenezea nyumba ndiye aliyezikusanya hapo. Kutu ilikuwa imeota kati ya kishikizo na bodi, ya rangi ya udongo wa mfinyanzi, inamung'unyika ukiigusa. Feni ikiwaka, umeme wake wote unasukumana kupita pale, na solenoidi inabaki na nguvu isiyotosha kuvuta pini. Ndiyo maana hata feni yenyewe ilikuwa inazunguka kivivu, nasi tukadhani imezeeka.

Baba alikwangua kwa msasa mpaka bati likang'aa, akafunga waya wa leva peke yake, akapaka grisi juu. Waya za nyumba akazivutia kebo yake nene mpaka hasi ya betri. Gharama yote ilikuwa kebo, vishikizo viwili na kipande cha msasa.

Jioni ile tulikwenda mpaka Igoma na kurudi, feni ikiwaka njia nzima, nikisimama kila baada ya muda kuweka P na kutoa. Nikikanyaga breki nasikia "tak" chini ya leva, sauti ambayo sikuwa nimeisikia mchana kwa wiki tatu. Bomba la sinki bado linavuja. Baba amekataa tusiende mnada wa Magu mpaka lizibwe.