Taa ilizimika chini ya Stella Point

Usiku wa kuamkia leo, juu ya kambi ya Barafu mlimani Kilimanjaro, taa yangu ya kichwani ilizimika. Baridi ilikuwa imemaliza betri. Nililia, nakiri. Mgumu (mpagazi wa mlimani) aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Pole pole dada, sikiliza viatu vya aliye mbele."

Hapo nikamkumbuka Erik Weihenmayer, Mmarekani aliyepofuka akiwa kijana. Mlimani hufuata mlio wa kengele ya aliye mbele yake, na ndivyo alivyofika kilele cha Everest, Mei 2001. Tena alifunga ndoa hapahapa Kilimanjaro mwaka 1997! (Yangu ilikuwa ukumbini Moshi na bado nililalamikia joto.) Siku hizi anahutubia watu kuhusu ustahimilivu. Hotuba za namna hiyo huwa zinanichosha, ila huyu alipanda kwanza, akasema baadaye.

Basi nikafuata kokoto zikilia. Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Stella Point, ukingoni mwa kreta. Kilele chenyewe, Uhuru, sikufika, kichwa kilipasuka kwa maumivu, kiongozi akanigeuza. Sasa niko kambi ya Mweka, magoti yanawaka moto, nasubiri chai.