Hukuyajua, au hukuyataka?

Mama kaondoka Jumanne na basi la asubuhi, na mpaka leo Ijumaa naosha vyombo huku najibizana naye peke yangu.

Ni yale majani. Alikuja nayo kutoka Muheza, kayafunga kwenye gazeti, kayafukia chini ya machungwa. Nilipokuwa napanga machungwa nikayatia kwenye ndoo ya taka. Jioni mwanangu Nasri pua zikaziba, Mama akaenda moja kwa moja kwenye kapu. Halafu kwenye ndoo. Akasimama nayo mkononi, ganda la yai limenasa kwenye maua.

"Hukuyajua, au hukuyataka?"

"Sikuyajua, Mama."

Uongo. Gazeti lilipofunguka tu ile harufu ilinipanda kichwani, kali, inakaribia karafuu, nikajiona Magoroto nina miaka saba, nimefunikwa blanketi juu ya sufuria la mvuke, nalia. Niliyatupa kwa sababu sikutaka ubishi wa kumfukiza mtoto wa miaka mitatu kwa maji ya moto. Ningesema hivyo angenuna dakika tano, yakaisha.

Badala yake akavuta kigoda akaanza kunifundisha, taratibu, kama mgeni aliyeshuka jana.

"Hiki kinaitwa kivumbasi."

Eti nipitishe kidole kwenye shina, lina pembe nne. Ukiyapikicha majani na kuyanusa, pua inafunguka. Magharibi ukichoma matawi yake kwenye makaa, mbu wanahama. Na zamani walikuwa wanayachanganya na maharage ghalani, fukusi wasiingie. Mimi naitikia tu, "ahaa", "kumbe". Mimi niliyekuwa natumwa kukichuma kando ya njia, nikigombana na nyuki kwenye vile vishada vya maua! Mimi muuza dawa, niliyekaririshwa chuoni habari za eujenoli, ile inayoipa karafuu harufu yake na ambayo kivumbasi nacho kinayo! Kila "kumbe" ilinishuka kooni kama mwiba wa samaki. Mama angeweza kusamehe mtoto asiyetaka. Asiyejua anaumiza zaidi, maana hapo ni yeye ndiye hakufundisha.



Basi leo mchana kanipigia. Shikamoo, marahaba, Nasri kala nini, machungwa yameshuka bei. Halafu:

"Vile vivumbasi, mbegu zake nimezikung'utia pale pembeni ya karo. Mvua ikinyesha vitaota. Usiving'oe."

"Sawa, Mama."

"Na ukiving'oa, usije ukaniambia hukuvijua."

Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe alijua tangu "kumbe" ya kwanza, akaniacha niendelee, na lile somo la pembe nne akalirefusha makusudi! Nikacheka na mimi, nimekaa chini nyuma ya maboksi ya pamba, mteja anagonga kaunta kwa sarafu.

Niliporudi nyumbani nikapita kwenye karo. Hamna kitu, udongo mkavu na kifuniko cha soda. Nimemwagia kikombe kimoja cha maji.

Kikombe kimoja tu, kwa sababu pampu tangu jana inanguruma kidogo kisha inazima, tangi limebaki robo, na fundi hapokei simu.