Barua Aliyoibeba Uria

Somo: 2 Samweli 11:14–27 na 12:1–14

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo hili tumelizoea kama somo la uzinzi. Mhubiri hupanda darini kwa mfalme, akamwona Bathsheba akioga, na kabla hatujafika vitani muda wa ibada umekwisha. Juma hili naomba tuanzie mstari wa 14, kwenye barua.

Daudi anamwandikia Yoabu, mkuu wa majeshi, na anayeibeba barua ni Uria mwenyewe, mume wa Bathsheba. Ndani imo amri ya kifo chake. Yoabu hahoji. Anampanga Uria mahali anapojua pana mashujaa wa adui, na Uria anakufa. Lakini soma mstari wa 17 polepole: siku ile walianguka pia askari wengine wa Daudi. Hatupewi majina yao wala idadi yao. Walikufa ili kifo cha mtu mmoja kionekane kama vifo vingine vyote vya vita. Kisha Yoabu anamfundisha mjumbe namna ya kutoa taarifa: mfalme akikasirika kwamba mlikaribia mno ukuta, mwambie Uria Mhiti naye amekufa. Na Daudi anajibu kwa utulivu wa mtu aliyekaa mezani: Yoabu asilione jambo hili kuwa baya, upanga humla huyu na huyu, aongeze nguvu za vita. Faili likafungwa.

Sisi wa Afrika Mashariki taarifa za namna hii tumezisikia. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na mto Tana, wafungwa zaidi ya themanini walitolewa kwenda kuchimba mfereji. Walikuwa wametiwa kizuizini kwa sababu ya Mau Mau, uasi dhidi ya utawala wa Waingereza Kenya, nao walikuwa wakikataa kufanya kazi za kambi. Wakuu wa magereza walikuwa wameandaa mpango wa kuwalazimisha: wapelekwe kwa makundi, na asiyetaka kazi ashikwe kwa nguvu mpaka afanye. Askari magereza wakaingia kwa marungu. Watu kumi na mmoja walikufa, na makumi wakajeruhiwa. Serikali ya koloni ikatoa taarifa kwamba vifo hivyo vilitokea baada ya wafungwa kunywa maji kutoka kwenye gari la maji.

Sentensi ile iliandikwa kwa ustadi. Haisemi wazi kwamba maji yaliwaua. Inasema walikunywa, kisha wakafa, na kumwachia msomaji aunganishe mwenyewe. Upanga humla huyu na huyu. Miili ilipopasuliwa ilionekana imepigwa, na uchunguzi wa hakimu ukathibitisha kwamba watu wale walikufa kwa vipigo. Hata hivyo hakuna aliyeshtakiwa. Mkuu wa kambi alistaafishwa, na kiinua mgongo chake hakikuguswa.

Miaka miwili kabla ya Hola, Juni 1957, Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alikuwa amemwandikia Gavana Evelyn Baring juu ya namna ya kuwapiga wafungwa wagumu. Wapigaji wawe watulivu, wasiongozwe na hasira. Wasipige sehemu dhaifu za mwili, kama bandama, ini na figo. Na akaongeza neno ambalo limenikaa kichwani tangu nilipolisoma: kama tutatenda dhambi, basi ni lazima tuitende kimya kimya.

Mwanasheria yule hakudanganyika kuhusu alichokuwa akikishauri. Aliita dhambi kwa jina lake. Ndiyo maana nasema tusiwahi kusema kwamba dola hutenda maovu kwa kutojua; mara nyingi inajua, na inachotafuta ni ukimya tu. Nabii Nathani alipomfikia Daudi alimgusa hapo hapo: wewe ulitenda kwa siri, lakini Bwana atalitenda jambo lake mbele ya Israeli wote na mbele ya jua. Kwa hiyo Daudi alikuwa na mashtaka mawili: damu ya Uria, na barua ile pamoja na taarifa iliyoifuata.

Jeshi lenyewe je? Lilijaribu kidogo. Juni 1953, baada ya kuchukua uongozi wa majeshi ya Uingereza nchini Kenya, Jenerali George Erskine aliandika amri ya kuwakataza askari kuwatesa wenyeji. Mwezi huo huo wa Juni, huko Chuka, askari wa King's African Rifles, jeshi la koloni, waliwaua watu wapatao ishirini ambao hawakuwa waasi. Kapteni wao, Gerald Griffiths, alifikishwa mahakama ya kijeshi kwa mauaji mengine, akaachiwa, kisha mwaka 1954 akashtakiwa tena kwa ukatili na kufungwa miaka mitano. Kwa damu ya Chuka yenyewe hakuna aliyehukumiwa. Namna hii tunaiona katika majeshi ya nchi nyingi: anatafutwa mtu mmoja wa cheo cha kati, anabebeshwa mzigo, na walio juu yake na walio chini yake wanaendelea na kazi.

Haki inanidai niseme na la upande wa pili. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, wapiganaji wa Mau Mau waliivamia Lari na kuchoma nyumba za familia zilizohesabiwa kuwa za wafuasi wa serikali. Waliouawa ni zaidi ya sabini, wengi wao wanawake na watoto. Kisasi kilichofuata nacho kikaua wengi. Kwa mauaji ya kwanza makumi ya watu walipandishwa kitanzini. Kwa yale ya kisasi, serikali haikuwa na haraka ya kuuliza. Katika miaka yote ya Hali ya Hatari, iliyotangazwa na serikali ya koloni ili kupambana na Mau Mau, walionyongwa kwa amri ya mahakama walizidi elfu moja. Sheria ilikuwapo na ilifanya kazi usiku na mchana, ila macho yake yalitazama upande mmoja.

Tena tusisahau kwamba walioshika marungu Hola walikuwa Waafrika wenzetu waliovaa sare. Yoabu hakosekani. Mfalme akiandika barua, yupo wa kuipokea, yupo wa kuitekeleza, na yupo wa kuipanga taarifa. Hapa ndipo ninapoona wengi wetu tunaingia katika habari hii. Si kila mmoja wetu atashika upanga, lakini wako kati yetu makarani, madaktari, wanasheria, wasemaji wa wizara na wahariri, na siku moja mtu anaweza kuwaletea sentensi kama ile ya gari la maji waipige muhuri.

Nathani wa Hola alitoka mahali ambapo wengi wasingemtazamia. Bungeni Uingereza, Barbara Castle wa chama cha Labour alikuwa akiipigania habari hiyo bila kuchoka. Lakini usiku wa manane katika mjadala wa tarehe 27 Julai 1959 alisimama Enoch Powell, mbunge wa chama tawala, mtu ambaye miaka tisa baadaye angejulikana kwa hotuba kali dhidi ya wahamiaji weusi. Kuna walioona kwamba waliokufa walikuwa watu wabaya tu, kwa hiyo jambo lisikuzwe. Powell alisema ni fundisho la kutisha kumsimamia binadamu mwenzako kama hakimu na kusema kwamba, kwa kuwa alikuwa mtu wa namna fulani, basi yale ambayo yangefuata kifo chake yasifuate. Alisema pia kwamba Uingereza haiwezi kuwa na viwango vya Kiafrika Afrika, vya Kiasia Asia, na pengine vya Kiingereza nyumbani. Sijui tumfanyeje mtu kama huyu. Maandiko yenyewe hayaoni haya kumtumia Balaamu, mwaguzi wa kigeni. Ila neno lake lilikuwa kweli. Uria aliitwa Mhiti hadi siku aliyokufa, na hata katika taarifa ya kifo chake hilo la Mhiti halikuachwa. Mgeni ni rahisi kumwandikia barua.

Hesabu ya dunia ilichelewa sana. Wakoloni walipoondoka walichoma nyaraka nyingi na nyingine wakazipeleka kwao. Mnamo 2011, katika kesi iliyofunguliwa London na wazee wa Kenya, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba masanduku ya faili za Kenya yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, mbali na macho ya watafiti. Mmoja wa walalamikaji alikuwa amenusurika Hola; siku ile alipigwa hadi kuzimia, akadhaniwa amekufa na kulazwa pamoja na maiti. Mwezi Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alitambua bungeni kwamba Wakenya waliteswa, akasema serikali inajutia kwa dhati, na akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Katika tamko hilo hilo alisema kwamba serikali inaendelea kukanusha kuwa inawajibika kisheria kwa matendo ya utawala wa kikoloni. Mfalme Charles III naye alipofika Nairobi Oktoba 2023 alizungumzia huzuni kubwa na majuto makubwa, akasema hakuna udhuru kwa ukatili ule. Neno la kuomba msamaha halikutoka.

Sitaki kuyabeza majuto hayo. Fedha zile zilifika mikononi mwa wazee waliokuwa wamesubiri zaidi ya nusu karne, na kutambuliwa kwao kulikuwa na uzito. Lakini yaweke kando ya jibu la Daudi. Nathani anasema, "Wewe ndiwe mtu huyo," na mfalme anajibu kwamba amemfanyia Bwana dhambi. Hana wakili. Hasemi makosa yalifanyika, wala hamtupii Yoabu, ingawa Yoabu alikuwa na lake la kujibu. (Juu ya mtoto aliyekufa katika sura hii kuna swali zito ambalo tafakari moja haitoshi kulibeba, tuliache kwa siku nyingine, tusilijibu kwa haraka.)

Na tukishayasema hayo ya Waingereza, tusishangilie mno. Februari 1984 Kenya ilikuwa imejitawala kwa miaka ishirini. Wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na askari wa Kenya katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir. Walivuliwa nguo, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Kwa miaka mingi serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliona kwamba waliokufa walikuwa wengi mno kuliko idadi hiyo. Safari hii hapakuwa na gavana wa kulaumiwa. Bendera ilikuwa yetu, na namna ya kuandika taarifa ilikuwa ile ile.

Huko Wajir alikuwako mmisionari Mkatoliki kutoka Italia, Annalena Tonelli. Yeye na wenzake walikusanya maiti na kuwatibu majeruhi, na hakunyamaza juu ya alichokiona. Baadaye ilimlazimu kuondoka Kenya. Aliendelea kuwahudumia wagonjwa wa kifua kikuu Somaliland, na huko Borama aliuawa Oktoba 2003. Mwezi Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta, akihutubia Bunge, aliomba msamaha kwa niaba ya serikali yake na za kabla yake kwa maovu ya zamani. Nalishukuru neno hilo. Lilisemwa wazi, na lilisemwa na mwenye kiti.

Wakati wa Hali ya Hatari walikuwako pia ndugu wa Uamsho, vuguvugu la Kikristo la Afrika Mashariki, kule Ukikuyuni. Walikataa kiapo cha Mau Mau, na baadhi yao wakauawa kwa sababu hiyo. Serikali ilipotaka kuwapa silaha wawe Homgadi, walinzi wa vijiji upande wa serikali, wengi wao walikataa na hizo, wakisema hawawezi kumpiga risasi mtu ambaye Kristo amemfia. Pande zote mbili ziliwashuku. Majina ya wengi wao hayako katika faili za Hanslope Park wala kwenye orodha za mashujaa wa taifa, na sidhani walitazamia yawemo.

Juma hili tusome Zaburi ya 51 nyumbani na katika vikundi vyetu, kwa sauti. Tukifika mstari wa 14 tusiuharakishe: "Uniponye na damu za watu, Ee Mungu." Wengi huichukua zaburi hii kama sala ya mtu aliyeanguka kwa Bathsheba peke yake, lakini mwandishi mwenyewe anataja damu. Halafu turudi tusome maandishi ya juu yake, yale tunayoyaruka. Yanasema ni kwa mwimbishaji, na kwamba ni ya wakati Nathani nabii alipomwendea Daudi. Maungamo ya mfalme hayakufungiwa sandukuni. Yalipelekwa kwa kwaya, yakafundishwa, na taifa zima likayaimba, wakiwamo, kwa ninavyowaza, wajane wa askari wale ambao mstari wa 17 haukuwataja majina.

Tuwaombee walio katika sare, hasa vijana wetu waliotumwa mipakani na nchi za nje. Tuwaombee wanaoandaa taarifa. Na kwa walionusurika Hola, Lari, Chuka na Wagalla, pamoja na watoto wao, kila kikundi kitenge nafasi ya kuwataja mahali kwa mahali mbele za Bwana, bila haraka. Amina.