Seli zilizokaa kimya

"Mama, kirusi kimeshatoka mwilini?" Mwanangu aliniuliza jana usiku huku akijipapasa shingo. Hii ni wiki ya tatu ana homa ya tezi. Koo limepona, uchovu bado, na daktari amemkataza mpira hadi bandama itulie, maana ikivimba, pigo dogo tu linaweza kuipasua. Sikumjibu mara moja. Swali hilohilo niliwahi kuulizwa na kijana mwingine, miaka ile nikiwa maabara.

Alikuwa mwanafunzi, mrefu, macho yamevimba. Alikubali kututolea damu akiwa mgonjwa, na tena baadaye, ili tuhesabu seli zilizobeba kirusi cha Epstein-Barr, ndicho kinacholeta homa ya tezi. Nilitandaza tone la damu yake kwenye slaidi, nikalitia rangi, nikainamia hadubini. Zilikuwepo: seli nyeupe kubwa zisizo na umbo maalumu, kingo zake za buluu iliyokolea zikijikunja kuzizunguka seli nyekundu kama zinazikumbatia. Nikamwita dada aliyekuwa akinifundisha kazi. "Dada, njoo uone. Hizi hapa, zimejaa virusi."

Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasogeza slaidi kidogo, akaniachia kiti.

"Mdogo wangu, hizo nyingi ni seli T, askari wa mwili. Ndizo zinazopigana. Ulizozipita ndizo tunazozitafuta."

Nikaangalia tena. Pembeni kulikuwa na limfosaiti, aina ya seli nyeupe, ndogo za mviringo, tulivu, kama za mtu yeyote mzima wa afya. Kirusi kilikuwa ndani ya baadhi yake, yaani seli B za kumbukumbu, zile zinazokumbuka vijidudu ambavyo mwili umewahi kukutana navyo, kimenyamaza. Kwa macho huwezi kujua ni ipi. Ndiyo maana ilibidi tuzihesabu kwa njia ya kuzunguka.

Tulizitenga seli B, tukazigawa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo, kila safu ikiwa na seli chache kuliko iliyotangulia, kisha kila kishimo kikapimwa kwa PCR, njia ya kunakili DNA ya kirusi mara nyingi hadi ionekane. Kirusi kikiwemo, hata katika seli moja, mstari unaonekana kwenye jeli. Ukifika safu ambayo takribani asilimia 37 ya vishimo ni vitupu, yaani havina mstari, ujue hapo kuna wastani wa seli moja yenye kirusi kwa kila kishimo. Hesabu nyepesi, lakini mkono ukitetemeka kwenye pipeti kazi yote imeharibika.

Usiku ule mistari haikuisha. Tulishuka hadi seli kumi kwa kishimo, bado kila kishimo kina mstari. Niliogopa kwamba nimechafua sampuli, nikakimbilia kuangalia vishimo vya maji matupu, ambavyo havipaswi kutoa mstari. Vilikuwa safi. Dada akaniambia nipunguze tena, niendelee tu: kwa wagonjwa wengine kirusi hukamata hata nusu ya seli B za kumbukumbu zilizo kwenye damu. Kwa mtu aliyekwisha kupona ni seli 1 hadi 50 katika milioni ya seli B. Nilikaa nikiitazama ile jeli chini ya taa ya urujuani, nikamfikiria yule kijana kitandani na zile seli zake zilizoonekana kuwa na afya.

Dada ndiye aliyenisimulia pia jinsi uhusiano wa kirusi hiki na ugonjwa huu ulivyogunduliwa. Mtaalamu wa maabara ya Gertrude na Werner Henle, mke na mume watafiti wa virusi kule Philadelphia, Marekani, hakuwa na kingamwili za kirusi hicho. Akaugua homa ya tezi, na alipopimwa tena alikuwa nazo. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1968. Tangu nisikie hivyo, sijawahi kushika bomba la damu bila kumfikiria mwenye damu.

Kijana alirudi baada ya miezi mingi, amenenepa, anacheka. Safu karibu zote zilikuwa tupu. Katika ile iliyojaa seli nyingi kuliko zote ukatokea mstari mmoja, mwembamba.

"Kimeshatoka?" akaniuliza.

Nikamwambia hakijatoka wala hakitatoka, ila mwili wake sasa unakidhibiti, kama ilivyo kwa zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani. Alinyamaza, akashusha mkono wa shati taratibu. Mpaka leo sijui kama nilimtuliza au nilimwachia mzigo.

Jana nilimwambia mwanangu maneno yaleyale. Akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Hata wewe unacho?"

Nikamjibu kwamba ninacho.