Siku Niliyokuwa Mpangile

Nilipokuwa kidato cha tatu katika shule moja mkoani Iringa, mwalimu wetu wa Kiswahili alitunga tamthilia fupi kuhusu familia ya Mtwa Mkwawa, yaani mtawala wa Wahehe, wakati wa uvamizi wa Wajerumani. Wavulana tulitarajia kupigana vita vya Lugalo vya Agosti 1891, ambamo Wahehe walimuua kamanda Zelewski pamoja na askari wake wengi, na baadhi yetu tulikwisha kuchonga mikuki. Mwalimu akaviweka vita hivyo nyuma ya pazia, vikasikika kwa ngoma tu, kisha akafungua pazia kwenye boma la Kalenga, Oktoba 1894, wanawake wa nyumba ya Mtwa wakifunga mizigo huku mizinga ikilia nje ya ukuta.

Mimi nilipewa nafasi ambayo hakuna aliyeitaka: Mpangile, ndugu yake Mkwawa, ambaye Wajerumani walimtawaza mwishoni mwa 1896 mahali pa Mkwawa, aliyekuwa bado mafichoni porini, na miezi michache baadaye wakamnyonga kwa kumshuku kwamba alimsaidia ndugu yake kwa siri. Mwandishi mwenye pupa angemfanya msaliti, basi. Mwalimu alimbunia dada, akawaketisha wawili hao peke yao usiku wa kuamkia kutawazwa. Dada anauliza, “Ukikalia kiti cha kaka yako, yeye atakaa wapi?” Mpangile hana jibu, kazi yangu ilikuwa kuinama na kukunja polepole mikono ya kanzu, ambayo kwa kuwa ilikuwa ya kuazima ilinipita vidole.

Nikiwa nakunja, mzee mmoja wa safu ya mbele akapaza sauti: “Mwambie watu wanakufa njaa porini!” Bibi mmoja nyuma yake akamjibu kwamba njaa si sababu ya kupokea kiti kwa mgeni, na ukumbi mzima ukagawanyika, wengine wakibishana kwa Kihehe. Mwalimu, kutoka pembeni, alinionyesha kwa kidole nisifungue mdomo. Sijaona bado mchezo wa kuigiza uliofanikiwa kuliko dakika zile ambazo mwigizaji hakusema lolote.

Onyesho la Mlambalasi, Julai 1898, Mkwawa anapojipiga risasi ili asikamatwe, lilipita kwa haraka na kwa heshima. Baada ya shangwe yule mzee alinifuata nje, nikamwamkia.

“Marahaba, mjukuu wangu,” akasema. “Wamekunyonga mapema mno. Nilikuwa bado nakutetea.”