Begi dogo la mgongoni, la kazini na la mlimani: nilivyolipata langu

Mi naishi Kimara, kazi zangu Posta, kwaiyo kila siku ya kazi niko kwenye mwendokasi asubuhi na jioni, alafu wikiendi nikipata nafasi napenda kutembea milimani, mara nyingi Pugu kule msitu wa Kazimzumbwi au napanda treni ya SGR hadi Moro naingia milima ya Uluguru. Nilikuwa nataka begi moja tu. Sio la kazini halafu lingine la safari, moja, dogo, ambalo likibanwa na watu pale mlangoni mkanda hauchomoki na likipigwa na mvua ya Uluguru siku nzima vitu vya ndani vinabaki vikavu. Nimelipata na nalipenda sana, na kwa vile kila mtu akiliona ananiuliza nimelitoa wapi na nimejuaje kama ni imara, naandika yote hapa, maana naona watu wanatupa hela kila mwaka kwenye mabegi ya elfu arobaini yanayokufa kabla hata ya masika kuisha.

Kabla ya kwenda sokoni nilitandaza vitu vyangu kitandani. Upande mmoja vya kazini: laptop ya inchi 14, chaja, hotpoti ndogo ya chakula, chupa ya maji, mwamvuli, kitenge, pochi, powabenki. Upande wa pili vya mlimani: maji lita tatu, koti la mvua, sweta, chapati na mayai ya kuchemsha, tochi ya kichwani, panadol, plasta, pakiti mbili za ORS. Ukivitandaza hivo ndo unaona kwamba mzigo mkubwa wa mlimani ni maji, lita moja ni kilo moja, hakuna ujanja, na pande zote mbili zilikuwa zinacheza kwenye kilo tano sita. Kwa uzito huo huhitaji ule mkanda mnene wa kiunoni wenye sponji, mkanda mwembamba tu unatosha ili begi lisichezecheze ukiwa unashuka. Na ukubwa ni lita 18 hadi 22 hivi. Chini ya hapo sweta na koti la mvua vinagombania nafasi, juu ya hapo utajikuta unabeba vitu usivyovihitaji na kwenye mwendokasi unakuwa kero kwa watu.

Shida ni kwamba sokoni mabegi mengi hayajaandikwa lita. Mi nilienda na chupa tupu za maji za lita moja na nusu, begi likimeza saba au nane na zipu ikafunga bila kulazimisha, hapo uko kwenye lita 20 kasoro au zaidi kidogo, maana chupa zinaacha mapengo. Wauzaji wanakushangaa mwanzoni ila hakuna anayekukatalia.

Alafu kuna urefu wa mgongo, hili wadada wengi hatuliangalii. Mi ni mfupi. Inamisha kichwa, gusa ule mfupa unaotokeza chini ya shingo, kuanzia hapo shuka mpaka usawa wa juu ya mifupa ya nyonga, huo ndo mgongo wako, na sehemu ya chini ya begi isipite sana hapo. Likishuka likakaa makalioni linakuvuta mabega nyuma na ukifika kituo cha pili cha kupumzika shingo inawaka moto. Mkanda wa kifuani nao uwe unapanda na kushuka, usiwe umeshonwa sehemu moja, kwa mwanamke hilo ni muhimu kuliko rangi.

Sasa uimara, na hapa ndo nataka mtu asome taratibu. Watu wakishika begi wanaminya kitambaa, kikiwa kigumu wanasema hili la uhakika. Kitambaa ni muhimu ndiyo, ila mabegi mengi ninayoyaona yamekufa kitambaa chake ni kizima kabisa, kilichokufa ni mshono wa mkanda, zipu, au ile rangi ya ndani ya kuzuia maji. Kwaiyo mi naanza kwa kuligeuza begi ndani nje.

Ukishaligeuza nenda moja kwa moja pale mikanda ya mabegani inapoingia kwenye mwili wa begi, juu na chini. Juu, mkanda uwe umezama ndani ya mshono na umepigwa cherehani mara kadhaa, mstari wa kwenda na kurudi au kile kisanduku chenye msalaba katikati, na ikiwezekana kuwe na kipande kingine cha kitambaa kimewekwa kwa nyuma kugawana uzito. Chini, kwenye kona, angalia kama mkanda umeshonwa kwenye kile kipande cha pembetatu, ni kizuri sana kwa sababu kinavuta kona nzima badala ya kuvuta nyuzi tatu nne. Shika mkanda kwa mkono mmoja, begi kwa mkono mwingine, vuta kwa nguvu huku unaangalia tundu za sindano. Zikifunguka ukaona mwanga, rudisha begi kwa heshima, endelea mbele. Pia angalia kingo za ndani za kitambaa, zikiwa wazi zinatoa nyuzi zitaendelea kufumuka mpaka zifike kwenye mshono wenyewe, zinatakiwa ziwe zimefunikwa na utepe.

Zipu. Kichwa cha zipu kwa nyuma huwa kina namba, 3, 5, 8, 10, na namba hiyo inaendana na upana wa meno kwa milimita zipu ikiwa imefungwa. Kwenye mdomo mkubwa wa begi sitaki chini ya 5, na 8 au 10 nafurahi zaidi. Maandishi ya YKK, hiyo kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1934, ni dalili nzuri ila kuandika herufi tatu kwenye chuma ni rahisi na feki zipo, kwaiyo amini mkono wako: fungua na kufunga mara nyingi, hasa kwenye kona, begi likiwa limejaa. Ikipita imefunga halafu nyuma yake inaachia usikimbilie kusema zipu imekufa, mara nyingi kilicholika ni kichwa tu, fundi anakibadilisha kwa hela ndogo. Meno yakiwa yamekatika hapo ndo achana nalo.

Ile rangi ya ndani sasa. Mabegi mengi yana tabaka la PU, aina ya plastiki, upande wa ndani la kuzuia maji, na adui wa hilo tabaka ni joto pamoja na unyevu, yaani hali ya hewa ya Dar yenyewe. Linaanza kunata, alafu linabanduka vipande vyeupe vyeupe vinavyoganda kwenye nguo na laptop, na linatoa harufu fulani ya uchachu ambayo haitoki hata ufue na nini. Kwa mitumba ni lazima uingize kichwa ndani unuse na upitishe kiganja. Likinata hata kidogo liache, hakuna fundi wa kulitibu hilo, utakuwa umenunua begi linaloanza kuoza.

Kuhusu kitambaa chenyewe, zile namba kama 210D, 600D, 1000D zinapima unene wa uzi, ni gramu za uzi wenye urefu wa mita 9,000. Mabegi mengi ya shule ni polista 600D. Nailoni ya 210D ni nyembamba ila inahimili msuguano vizuri, hasa ile yenye viboksi vidogo vidogo vya uzi mnene, ikipata tundu mpasuko unaishia kwenye kiboksi hauendelei. Kwaiyo usidharau begi jepesi. Mi ningeomba tu chini pawe na kitambaa kinene, kwa sababu begi siku nzima linawekwa chini, kwenye sakafu ya basi, kwenye mawe, kwenye tope.

Dukani au mitumba? Mi nilizunguka Kariakoo kwanza kwenye maduka ya mabegi mapya. Kwa bajeti yangu, ambayo ilikuwa haizidi elfu hamsini, nilichokuwa nakutana nacho ni begi lenye nembo ya kampuni kubwa ya milimani, sponji nene inapendeza, ukiligeuza mshono mmoja tu kwenye mkanda na kingo ziko wazi. Nembo inashonwa popote. Nikaenda Karume, soko la mitumba. Begi la mtumba zuri limeshatumika miaka huko lilikotoka, mshono wa kufumuka ungeshafumuka, zipu ya kugoma ingeshagoma, unachokiona ndo tabia yake. Kwa walio kaskazini Memorial pale Moshi nayo ina mitumba mingi.

Nenda asubuhi siku wanayofungua balo, uliza wauzaji watakwambia. Mi nililiona langu limening'inizwa juu, la kijivu, Deuter, kampuni ya Kijerumani ya tangu 1898, ila nilichokitazama kwanza sio jina.

"Dada hilo orijino, elfu hamsini."

"Kaka naomba niligeuze ndani kwanza."

"Geuza tu dada yangu, hilo halina shida."

Nikageuza, nikavuta, nikanusa, nikaingiza chupa zangu, nikafungua zipu mpaka mwenyewe akaanza kucheka. Mikanda imeshonwa kisawasawa, ndani pakavu pasafi, zipu namba 8. Kasoro ilikuwa klipu ya kifuani haipo na mkanda mmoja mwisho wake umeanza kufumuka nyuzi. Nikamwonyesha, tukavutana weee, tukafika elfu 28 na nikalipa kwa furaha kabisa.

Klipu na mkanda nikapeleka kwa fundi viatu wa mtaani kwetu, mzee mmoja ninayemwamini kuliko duka lolote. Nikamsalimia shikamoo mzee, akaitikia marahaba mwanangu, akalichukua akaligeuza ndani nje kabla hata sijamwambia tatizo, nikajua niko mikono salama. Akasema, "Hapa juu wenzetu wamepiga vizuri, sipagusi. Hapa chini naongeza mstari mmoja, na uzi wa nailoni, wa pamba utaoza na jasho lako." Mwisho wa mkanda akauunguza na kiberiti ukajifunga, klipu akatoa kwenye kopo lake la vitu vya mabegi yaliyokufa. Elfu nne yote.

Rangi nitagusia kidogo. Yale ya mabaka ya kijeshi msinunue hata yawe imara vipi, hapa Tanzania raia haruhusiwi kuvaa sare na mavazi yanayofanana na ya jeshi na mwaka 2023 JWTZ walitoa tangazo kabisa watu wayasalimishe, unajitafutia matatizo bure barabarani. Na kama unatembea maeneo yenye mbung'o epuka bluu na nyeusi, wale wadudu wanavutwa na hizo rangi, ndo maana hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya bluu na nyeusi. Kijivu au kahawia inakaa vizuri kote na ofisini haikuaibishi.

Sasa matumizi. Kwenye mwendokasi nalivaa kifuani, mikanda yote miwili, simu na pochi kwenye kimfuko cha ndani na sio kile cha mbele, maana ile saa ya saa moja asubuhi mikono ya watu haionekani. Laptop inakaa upande wa mgongo, na hakikisha mfuko wake haugusi kitako cha begi, ukitua begi kwa nguvu laptop isipige chini. Kama mfuko unafika mpaka chini weka kipande cha sponji ya godoro hapo, inatosha.

Mlimani navipanga tofauti. Sweta chini, maji yanakaa katikati karibu na mgongo kwa sababu uzito ukiwa mbali na mgongo unakuvuta nyuma kwenye mpando, chakula juu, koti la mvua juu kabisa maana Uluguru hasa ule upande wa mashariki mvua haikungoji ufungue begi lote. Ukitoka mjini Moro asubuhi jua linakuchoma, ukifika Morningside pale kwenye jengo la enzi za Wajerumani kuna upepo, na ukiendelea mpaka kilele cha Bondwa kwenye minara, zaidi ya mita 2,100, unaweza kukuta ukungu mzito na baridi ya kweli. Hakuna begi la kawaida lisilopitisha maji kabisa, yanaingilia kwenye tundu za sindano na kwenye zipu, kwaiyo kinga iwe ndani. Zamani tulikuwa tunatumia marambo, ile mifuko ya plastiki, tangu yapigwe marufuku June 2019 mi natumia ile nailoni nzito wanayofungia magodoro mapya, naomba kwenye duka la magodoro, naingiza kwenye begi, vitu vyote vinakaa humo, mdomo naukunja mara tatu. Nimeshuka Bondwa mvua inapiga njia nzima, begi limelowa chapachapa, sweta kavu. Na wakati wa kurudi ile nafasi ya maji niliyokunywa inajaa stroberi za akina mama wa kule juu, zipange kwenye kontena la chakula zisipondeke.

Kufua nafua kwa mkono, maji ya baridi na sabuni ya kawaida, jiki hapana, mashine hapana, naanika kivulini ndani nje. Msiache jasho likae wiki nzima kwenye mikanda, ile chumvi nyeupe mnayoiona inakula uzi na inakwaruza bega. Na usilihifadhi begi limefungwa kwenye kabati lenye unyevu, mi langu linaning'inia mlangoni zipu zikiwa wazi lipate hewa, na zipu ikianza kuwa nzito napitisha mshumaa kwenye meno, nafungua nafunga mara kadhaa, inarudi kuteleza.