Kumfuata Mordecai Brown, kutoka Nyesville hadi Chicago

Mordecai Brown alikuwa mrushaji wa besiboli wa Cubs, timu ya Chicago, Marekani. Kufuata nyayo zake tulitoka Indianapolis, jimbo la Indiana, asubuhi kwa gari la kukodi, tukashika barabara namba 36 kuelekea magharibi. Hadi Rockville, makao ya wilaya ya Parke, ni kama kilomita 95. Bila gari safari hii haiendi, maana huko vijijini mabasi hakuna. Oktoba kuna tamasha la siku 10 la madaraja yenye paa. Nyumba za wageni hujaa na magari husongamana, hivyo chagua mwezi mwingine.

Nyesville ni nyumba chache tu zilizozungukwa na mashamba. Brown alizaliwa hapo tarehe 19 Oktoba 1876, Marekani ilipotimiza miaka 100, akapewa na jina la Centennial. Jiwe la kumbukumbu lake lipo. Utotoni mkono wake wa kulia ulinaswa na mashine ya kukata malisho ya mifugo, kidole cha shahada kikabaki kigutu. Kabla ya kupona akaanguka. Kidole cha kati kikaunga kimepinda, na cha mwisho kikalemaa.

Kusini zaidi ni Coxville, penye daraja lenye paa. Huku alichimba makaa ya mawe na kucheza besiboli akilinda kituo cha tatu, kimoja cha vituo vinne ambavyo mpigaji huvikimbilia akishaupiga mpira. Kwa mlinzi wa kituo, mpira unaopinda ni kero, kwa sababu mwenzake wa kituo cha kwanza anautaka umfikie umenyooka. Kwa mrushaji, anayemtupia mpira mpigaji wa timu pinzani, huo ni mali.

Siri yenyewe iko hivi. Mpira una gramu 142 hadi 149 na mishono 108, nao husafiri mita 18.44. Vidole viwili vizima vikiuachia kwa kasi, hutoka ukizunguka kinyumenyume, na mzunguko huo huuchelewesha kushuka. Brown aliubana kwenye kigutu, ukatoka ukizunguka kwenda mbele. Hewa ikausukuma chini, ukazama ghafla ukimkaribia mpigaji. Gongo likaugusa kwa juu, mpira ukabiringika ardhini hadi kwa walinzi. Lakini tusiusifu ulemavu peke yake: kuulenga mpira uliotoka kwenye mkono kama ule kulihitaji miaka ya mazoezi.

Terre Haute ndiko alikoanza kulipwa mwaka 1901, na ndiko alikoendesha sheli uzeeni. Alifariki Februari 1948. Heshima ya Cooperstown, jumba la magwiji wa besiboli, ilikuja 1949. Kaburi liko kwenye makaburi ya Roselawn, kaskazini mwa mji.

Chicago ni karibu kilomita 290 mbele. Gari liache hotelini. Uwanja wa zamani wa Cubs umegeuka eneo la hospitali. Panda treni ya laini ya pinki, ushuke kituo cha Polk. Mwaka 1906 Brown alishinda mechi 26, akapoteza 6, na wastani wa pointi alizofungwa kwa kila mechi nzima, bila kuhesabu zilizotokana na makosa ya walinzi wenzake, ulikuwa 1.04. Timu ilishinda mechi 116, kisha ikafungwa fainali na White Sox wa mji huohuo. Ubingwa ukaja 1907 na 1908.

Kutoka Polk rudi katikati ya jiji, panda laini nyekundu hadi Addison, mlangoni pa Wrigley Field, uwanja wa sasa wa Cubs. Hapo, tarehe 4 Septemba 1916, Brown alikutana na mpinzani wake mkuu, Christy Mathewson, aliyerushia timu ya Cincinnati. Cincinnati ilishinda 10-8. Wote wawili walirusha mechi nzima, na hakuna aliyerusha tena ligi kuu.